Wivu wa Mama wa Bucha

Wajukuu zangu, kukata nyama nimestaafu, lakini wivu bado ninao wote. Nawaambia mapema ili msidhani mnasoma maneno ya bibi mpole aliyeridhika na maisha. Nimefanya kazi ya bucha hapa Othaya tangu nilipoolewa mpaka mgongo uliponikataza, na katika kazi hiyo nimewaonea wivu watu wengi. Nilimwonea mume wangu, nikawaonea wanawake wenzangu. Lakini hakuna niliyemwonea kama mjukuu wangu Nyawira. Ana jina langu, maana kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya babake. Ana bucha langu. Na mwaka huu, siku ya ngurario yake, alitia mkono kwenye jambo ambalo mimi nimelitamani maisha yangu yote: kuchinjia wazee, na wao wale wakijua ni mwanamke aliyechinja.

Ngurario ni siku ambayo ndoa ya kienyeji inafungwa nyumbani kwa kina msichana. Mbuzi wanachinjwa, wazee wa pande zote mbili wanakula pamoja, basi mmekuwa watu wa nyumba moja. Nyama ikikataliwa, hakuna ndoa. Nyinyi mnaijua siku hiyo kwa picha za simu. Mimi naijua kwa mifupa.

Lakini ngojeni kwanza niseme habari ya kazi, kwa sababu vijana mnapenda kuiruka kazi.

Nyama haikatwi kwa nguvu. Kijana mpya akiingia buchani utamsikia ukiwa barabarani, shoka juu, shoka chini, anapigana na mfupa utadhani umemtukana. Shika mguu, uchezeshe polepole, kiungo kitajionyesha chenyewe. Hapo ndipo kisu kinapopita. Kisu kinolewe asubuhi kabla ya kufungua, si wakati mteja anakutazama. Na nyama usiiuze ikiwa bado ina joto la mnyama. Itundike, iache ipoe na kukaza. Siku hizi kuna msumeno wa umeme. Unapitisha mfupa pale, unga wa mfupa unajaa kwenye nyama, mteja anafika nyumbani anatafuna mchanga. Nyawira ameununua. Nimemwambia hasikii, ati wateja wanataka haraka.

Haya yote nilifundishwa na mume wangu, Gathogo, nyuma ya pazia.

Bucha lilikuwa lake. Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha matumbo na kufuta meza. Kisha akaanguka na baiskeli kwenye mteremko, bega lake la kulia likaharibika, na mkono haukuinuka tena kupita kifua. Bucha lingefungwa. Lakini wakati huo, katika milima hii yetu, mwanamke kuchinja halikuwa jambo la kutajwa. Mwanamke anaosha, anapika, anangoja fungu lake. Kisu cha kuchinjia kilikuwa cha mwanamume. Basi Gathogo akachukua shuka ya maua kutoka kitandani mwetu, akaitundika katikati ya bucha. Yeye alisimama mbele kwenye dirisha la wateja. Mimi nilisimama nyuma kwenye gogo, nikakata, nikampitishia.

Watu walikuja mpaka kutoka Gakindu.

"Gathogo, hakuna mtu anakata mbavu kama wewe," walikuwa wakisema.

"Ni Mungu tu," naye alikuwa akijibu.

Na huyo Mungu alikuwa pale nyuma amevaa gambuti, anatokwa na jasho, ameng'ata meno. Nilimpenda mume wangu, msinielewe vibaya. Lakini kila Jumamosi aliposifiwa nilitamani shuka ile ishike moto.

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wanaume wote. Alikuwa anajua, maana siri haifichwi kwa mtu anayeingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha. Alikaa pale kwenye kiti chake akiniangalia nikikata.

"Wewe mke wa Gathogo," aliniambia, "ukishika hiyo kisu, mbuzi za hii boma zitaacha kuzaa."

Mbuzi wakazaa. Wengine wakazaa mapacha. Akasema ni kwa sababu mwanawe amebarikiwa.

Kosa langu kubwa la nyuma ya pazia lilihusu kiande. Kiande ni mguu wa mbele wa mbuzi pamoja na bega lake, na siku ya ngurario lazima kifike kizima, kwa sababu bwana arusi anakikata kwenye kiungo mbele ya watu wote. Akikipata kiungo, anapigiwa makofi. Akikikosa, anachekwa mpaka azeeke. Sasa mzee mmoja alinunua mbuzi kwetu, Gathogo akanipitishia bila maneno, kwa kuwa dirishani palikuwa na watu. Ukiwa nyuma ya pazia huwezi kumuuliza mteja nyama ni ya nini. Nikamkatakata mbuzi yule vipande vya supu, vizuri sana, vyote saizi moja. Wakafungua gunia huko kwa wakwe, wazee wameketi, bwana arusi kashika kisu, hakuna kiande. Kuna supu.

Mzee yule alirudi na kumfokea Gathogo hadi watu wa soko lote wakaja kusikiliza. Gathogo aliyameza yote, hakunitaja. Siku hiyo peke yake ndiyo sikumwonea wivu.

Baada ya hapo, Gathogo akawa anawatuma mabwana arusi kwangu kabla ya siku yao. Walikuja kwa mlango wa nyuma wakiangalia kushoto na kulia kama watu wanaoenda kwa mganga. Niliwapa mguu wa mbuzi, nikawashika mkono. "Hapa. Hapana, si hapo, hapo utakata mpaka Krismasi. Chezesha kwanza. Umesikia? Sasa pitisha." Siku ikifika wanakata mara moja, baba zao wanavimba vifua, ati kijana wetu ni mwanamume kamili. Wanaume wa nusu ya Othaya niliwafundisha mimi uanaume wao, na hakuna aliyewahi kuniambia njoo utuchinjie.

Pazia liliondolewa na kikundi cha akina mama. Nyinyi mnafikiri mambo ya haki za wanawake yaliletwa na watu waliovaa fulana zenye maandishi, wakalala hotelini. Sisi tulianza na mabati. Tulichanga, tukaezekeana nyumba moja baada ya nyingine, mpaka hakuna aliyekuwa akinyeshewa. Mabati yalipokwisha tukaona bado tuna mazoea ya kukutana na kusemezana, tukajenga shule ya chekechea. Mwenyekiti wetu alikuwa Wangeci, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

Siku ya kufungua shule tulinunua ng'ombe. Tukawaita wanaume wa kuchinja. Walipofika wakasema kichwa ni chao, kifua ni chao, ngozi ni yao, na sisi tungoje fungu letu mwishoni kama kawaida.

"Ng'ombe ni yetu," Wangeci akawaambia. "Tutagawa sisi."

Wale wanaume wakafuta visu vyao vikavu, wakaenda kukaa kando ya ua na wanaume wengine, pamoja na Gathogo wangu. Walijua tutawafuata kuwabembeleza. Wangeci akageuka.

"Nyawira, kuja hapa."

"Mimi?"

"Si ni wewe unakatanga ya Gathogo? Ama unafikiria hatujui?"

Nikawatazama wanawake wenzangu. Walikuwa wanajua wote. Kumbe pazia lilikuwa la wanaume peke yao.

Nilichinja ng'ombe yule, akina mama wakishika kamba na kuomba kwa sauti. Mwanzoni nilikwenda polepole, halafu mikono ikakumbuka kazi. Nyama ilipoiva tukawapelekea wanaume. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Hatuwezi kula nyama imechinjwa na mwanamke," mmoja akasema, mteja wetu wa kila Jumamosi.

Hapo damu ilinipanda. "Na ile ulikula Jumamosi ilikatwa na nani? Wewe ulidhani bega ya Gathogo ilipona lini?"

Wote wakamgeukia Gathogo. Nilijuta palepale, kwa sababu nilikuwa nimemvua nguo mume wangu mbele ya wanaume wenzake. Kisha akainuka, akavua kofia, akavuka uwanja mzima mpaka niliposimama.

"Nipatie," akasema. "Ya mbavu."

Akala amesimama. Nusu ya wanaume wakamfuata, nusu wakaenda nyumbani na njaa yao. Jumatatu yake aliishusha ile shuka mwenyewe, nami nikaishona aproni.

Mngedhani hapo niliridhika. Sikuridhika! Mpaka leo, hadithi ya siku ile ikisimuliwa hapa kwetu, Wangeci alikuwa mwanamke shujaa na Gathogo alikuwa mwanamume wa kisasa kabla ya wakati wake. Ng'ombe alijichinja mwenyewe.

Na buchani walinizoea, lakini buchani tu. Nyama ya duka ni ya duka, walisema, ya wazee ni ya wazee. Kwenye ruracio, tunapojadili mahari, na kwenye ngurario, waliochinja walikuwa wanaume vilevile. Nilipita nje ya maboma hayo nikisikia shoka likigonga mfupa badala ya kiungo, nikaumia mimi badala ya mbuzi.

Mwanangu, babake Nyawira, alikulia miguuni pangu pale kwenye gogo. Kwake yeye nyama ni kazi ya mama, kama vile chaki ilivyo kazi yake yeye mwalimu. Yeye mwenyewe akiona damu anakaa chini. Basi Nyawira alipomaliza shule akasema anataka bucha, babake aliuliza tu kama ataweza kuamka mapema. Hakuna kikao, hakuna laana, hakuna mtu aliyetaja uzazi wa mbuzi. Nilimfundisha, na alishika upesi kuliko nilivyoshika mimi. Hilo pia liliniuma.

Mwaka jana kikundi cha wasichana wa siku hizi kilimwalika hotelini Nyeri, azungumze kuhusu wanawake wanaofanya kazi za wanaume. Alinichukua nikamsindikize. Nilikaa nyuma na soda yangu. Wakamuuliza amepambana na vikwazo gani.

"Kusema ukweli, shida yangu ni stima," akasema. "Ikipotea, friji inazima na nyama inaharibika."

Walicheka, wakapiga makofi, wakaita jina lake. Jina langu! Nusura niinuke niwaambie habari ya shuka. Sikuinuka. Tulipotoka nje nikamwuliza mbona hakusema lolote kuhusu siku zetu.

"Lakini Shosho," akaniambia, kama wajukuu mnavyoniita nyote, na hakuwa na ubaya wowote, "kwani shida ilikuwa gani? Si ni nyama tu?"

Nikapanda matatu mbele yake, nikakaa kiti cha peke yangu.

Sasa ngurario yake. Bwana arusi ni kijana wa Kiriaini, mpole, mkulima wa chai. Desturi ni kwamba vijana wa upande wao wanafika kwetu alfajiri, wanachinja, ili wazee wao wakifika saa sita wakute nyama iko tayari. Usiku ule ilinyesha mvua ya kusomba barabara. Tukangoja. Mbuzi wakalia kwenye kamba. Kisha simu ikapigwa: gari la wachinjaji limezama kwenye matope, na wazee wamepita barabara ya lami, wako njiani. Wazee wakifika wakute mbuzi wanakula majani, ni aibu ya nyumba mbili.

Babake Nyawira akanitazama. Wanaume wengine wa kwetu wakaanza kuulizana nani ana kisu, nani amewahi, nani hana mgongo mbaya. Mimi nilikuwa nimeshainuka. Nilikuwa nimekunja mikono ya sweta. Nikajisemea moyoni, Nyawira, siku yako imefika, umezeeka lakini imefika.

Yule mtoto akatoka chumbani walimokuwa wakimpambia. Nywele zimesukwa, shanga kichwani, na juu ya nguo zake za bibi arusi amevaa dastikoti lake la buchani na gambuti.

"Shosho, kaa tu," akasema. "Mgongo yako."

Akanivutia kiti. Akanifunika magoti kwa leso. Alinifunika magoti, mimi! Kisha akawaambia binamu zake watandaze majani ya migomba.

Nilikaa pale nikamtazama akifanya kazi yangu. Alimtoa mbuzi ngozi kwa ngumi, kisu akikigusisha tu pembeni, kama nilivyomfundisha. Viande viwili akaviweka kando vizima. Nilitafuta kosa kwa macho yangu yote mawili na sikuliona. Wasichana walimpiga picha. Hakuna mwanamume hata mmoja aliyeondoka kwa hasira. Walikuwa wanamletea maji, wengine wanachochea moto wa kuchomea nyama.

Na nitawaambia kilichokuwa moyoni mwangu wakati huo, kwa kuwa nilisema tangu mwanzo mimi si bibi mpole. Niliogopa wazee watakataa nyama na ndoa ya mtoto wangu ivunjike palepale. Na nusu ya moyo wangu ilitaka wakatae. Nilitaka wainuke, wagombe, waseme yale maneno ya kale. Ningeinuka nami niwajibu, majibu ninayo tangu siku ya ng'ombe, nimeyanoa miaka yote. Nyawira angeniona nikimpigania. Angejua shida ilikuwa gani.

Wazee wakafika. Walikaribishwa, wakanawa, wakakaa. Nyawira alikuwa amenawa na kuvua dastikoti, amekaa na wenzake. Mkubwa wao, mzee wa fimbo na koti zito, akatazama nyama, akatazama wale walioketi.

"Vijana wetu wamekwama kwa matope," akasema. "Sasa hii imechinjwa na nani?"

Nikasukuma leso kutoka magotini.

"Ni mimi, guka," Nyawira akajibu, kama anamjibu babu yake.

"Wewe? Bibi arusi?"

"Eee, ni mimi."

Mzee akamwangalia. Akaiangalia nyama. Akachukua kipande cha ubavu, akakigeuza huku na huku.

"Chumvi iko wapi?" akauliza.

Akapewa chumvi. Akala. Wengine wakanyoosha mikono.

Sikuweza kuvumilia. Nilisimama. "Mmesikia vizuri?" nikasema, tena kwa sauti. "Ni msichana amechinja! Si mwanaume!"

"Tumesikia, mama," mzee akanijibu kwa heshima, mdomo umejaa. "Hata kwangu ni mama watoto anachinja siku hizi. Hii magoti yangu ilikataa kuinama."

Wakacheka, wakaendelea kula. Nikaingia jikoni, nikasimama karibu na sufuria za wali nikiwa sina la kufanya na mikono yangu. Nyawira akanifuata, shanga zikilia.

"Shosho, umekasirika?"

"Sijakasirika. Niko na wivu."

"Wivu ya nini?"

"Umekaa pale, umesema 'ni mimi', na hakuna mtu amekugombeza. Hata mmoja. Mimi nimengoja kusema hayo maneno maisha yangu yote."

Akanishika mkono, huu wa kisu. Nilimwona anajaribu kweli kunielewa, amekunja uso kama mtoto anayesomewa hesabu.

"Sasa Shosho," akasema, "unataka nigombane na nani?"

Nikachungulia dirishani nimtafutie mtu. Nilipitisha macho kwa mmoja mmoja, wa kwao na wa kwetu. Walikuwa wanakula, na yule mzee wa fimbo alikuwa ameinua sahani yake anaomba nyingine.